Programu ya Kuchezesha Mikono

Hasara yenyewe ililetwa na mshale. Mshale mwembamba wa rangi ya chungwa, uliochapishwa kwenye bango la ukutani, juu ya picha ya mkono.

Bango hilo lilipangwa na Milimita. Jina la Milimita alipewa na wenzake wa kiwanda cha uchapaji, alikofanya kazi ya kupanga kurasa, kwa sababu alikuwa radhi kumweka mteja mlangoni na mashine ikiwa moto, ilimradi picha isogezwe kidogo kushoto. Mdogo wake wa kiume, fundi makochi ambaye mtaa mzima ulimwita Springi, alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, akarudi na lugha nzima vidoleni, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuipokea. Mama yao, mkunga mstaafu, aliendelea kuongea naye kwa alama walizozizua wenyewe: kula, njoo, mvua, acha. Milimita alikuwa ameokota zaidi, kiasi cha kuweza kugombana naye na kupatana naye. Ndipo akaona achape bango la maneno ya kila siku, moja la jikoni kwa mama, jingine la karakana, ili na wateja wajifunze mawili matatu.

Bango lilipendeza. Taabu ni kwamba lugha ya alama ni mwendo, na karatasi haiendi popote. Kwa alama za Springi na wenzake, "kesho" na "jana" ni kiganja kile kile kando ya shavu. Kikisukumwa mbele ni kesho, kikirudishwa nyuma ni jana. Milimita alikuwa ameuchora mshale ukimwelekea msomaji, akimaanisha mkono uende mbele. Mama alipoutazama aliona mshale unamjia yeye, basi akauvuta mkono kuja kwake.

Siku moja meneja wa nyumba moja ya wageni alikuta karakana imefungwa kwa muda, akamwachia mama ujumbe kwamba kesho asubuhi angekuja kupima makochi ya ukumbi mzima. Mama alilichungulia bango, akafanya mazoezi mbele ya sufuria, kisha akaenda akasimama mbele ya mwanawe na kumweleza kwa fahari: mtu wa nyumba ya wageni, jana asubuhi, kuja. Springi akaelewa kwamba mtu alikuja jana na keshaenda zake. Asubuhi iliyofuata akafunga mlango, akaenda kutafuta sponji upande wa pili wa mji. Meneja alikuja, akagonga, akangoja, akachoka. Kazi ile akaipata fundi mwingine.

Springi hakumlaumu mama. Alikwenda moja kwa moja kiwandani, akamkuta dada yake ameinamia jedwali la bei za dawa za mifugo, akamgonga begani.

"Mshale wako umekula makochi yangu," alisema kwa mikono.

"Mama ndiye aliyekosea."

"Mama alisoma ulichomwandikia. Mkono hauna mshale. Mkono unakwenda."

Milimita alitaka kubisha. Alibaki ameutazama mkono wake mwenyewe, akausukuma mbele, akaurudisha. Ilikuwa kweli tupu, na ilimkera kuliko kosa la tahajia kwenye jalada. Jioni hiyo alimwambia mama kwamba bango linatoka ukutani. Angetengeneza tovuti ambayo mtu anaifungua kwenye simu, anagusa neno, na mkono uliochorwa unacheza neno hilo polepole mpaka alishike.

"Unajua kutengeneza hiyo kitu?" mama aliuliza.

"Sijui. Nitajua."

"Na pesa?"

"Ndiyo maana lazima nichague vizuri."

Akajifunga kibwebwe. Mtu wa kwanza aliyemwendea ni binamu yao, aliyefanya kazi kampuni ya matangazo, mwanamume wa shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo, mwenye roho nzuri na ulimi usiotulia. Binamu alikuja nyumbani na kuweka kwenye kompyuta ya Milimita programu ya kuchezesha michoro wanayoitumia wakubwa wa kazi hiyo, kwa majaribio ya bure. Feni ya kompyuta ilianza kuvuma kama inataka kupaa.

"Hii ndiyo yenyewe," binamu alisema. "Hizi nyingine ni za watoto kuchezea. Ukitaka mkono uinuke, unainuka. Ukitaka upepee, unapepea. Na ukimaliza inakupangia ukurasa wenyewe wa tovuti."

Milimita hakutaka kupepea. Alijiwekea mtihani mmoja tu, na aliapa kila programu itaufanya: achore mkono ule ule, auchezeshe neno lile lile, "kesho", aupandishe mtandaoni, na mama aufungue kwenye simu yake kuukuu iliyopasuka kioo. Mama akilifanya neno sawa bila kuelekezwa, programu imefaulu.

Programu ya wakubwa ilifaulu. Ilichukua siku kadhaa za kuhangaika na vitufe vilivyofichana chini ya vitufe, lakini mkono uliotoka ulikuwa laini, wa kupendeza, kama mkono wa mtu anayepima kitambaa cha bei. Mama aliusukuma mkono wake mbele bila kusita. Milimita akaanza kutabasamu, kisha akasoma masharti ya malipo. Ilikuwa ada ya kila mwezi, kwa fedha za kigeni, kwa kadi ya benki. Na mwezi usipolipa, michoro yako inafungiwa ndani, hata kuirekebisha huwezi.

"Kwa hiyo kazi ni yangu, lakini ufunguo ni wao," alimwambia binamu.

"Ndivyo biashara ilivyo sasa, dada."

"Nikiugua miezi miwili, mikono ya Springi inakuwa rehani?"

Binamu alicheka, akasema atamtafutia ya bure. Ya bure ilipatikana upesi. Hiyo haikuwekwa kwenye kompyuta, ilifunguliwa mtandaoni, na kila ulichogusa kilikula bando. Ilikuwa na vitu tele vilivyokwisha kuandaliwa: nyota zinazozunguka, herufi zinazoruka, maboksi yanayoteleza. Lakini mkono haukuwa na kifundo. Ungeweza kuusogeza wote kama sahani mezani, basi. Halafu kwenye pembe ya kila mchoro kampuni ilibandika nembo yake, na ukitaka itoke, ulipe.

Milimita alimwita Springi aje atazame. Springi alisimama nyuma ya kiti, nyuzi za turubai zimemganda kwenye suruali, akatazama mkono ukiteleza kwenye kioo cha kompyuta. Akatazama tena. Akaanza kucheka kwa mabega.

"Huyu kavunjika," alisema. "Mpelekeni hospitali."

"Ni ya bure."

"Naona. Na hapa kidoleni amebandikwa tangazo."

Mama naye alipofungua ukurasa ule kwenye simu yake, mkono ulianza safari, ukakwama katikati, ukabaki hapo. Alisubiri kwa adabu. Mwishowe aliuliza, "Hii ni leo?"

Walicheka wote, Milimita akiwa wa mwisho kucheka na wa kwanza kunyamaza. Moyoni alishaanza kuielekea ile ya wakubwa. Alijiambia kwamba kitu kizuri kina gharama, kwamba angefanya kazi za pembeni, kadi za mialiko, vipeperushi vya maduka. Ukweli ni kwamba alikuwa amependa alivyoonekana alipokuwa akiitumia. Katika ule msitu wa vitufe alijihisi yumo miongoni mwa watu wa kazi kubwa, si mtu wa jedwali la dawa za mifugo.

Hata hivyo aliona ajaribu ya tatu kabla ya kulipa. Aliipata kwa kupekua mijadala ya wachoraji mtandaoni. Ilikuwa programu ndogo, imetengenezwa na watu wachache, unaijaribu kwanza, kisha unainunua mara moja na inakuwa yako, na bei yake ilikuwa ya kumudika. Haikuhitaji mtandao wakati wa kazi. Sura yake ilikuwa kavu, kijivu juu ya kijivu. Ndani yake unauchora mkono, kisha unautia mifupa: mstari kwenye kiganja, mstari kwenye kila pingili, na viungo katikati. Ukivuta mfupa, nyama inafuata. Milimita alijaribu neno lake, mkono ukatoka na kifundo kinachopinda, ila ulikuwa mgumumgumu, kama wa mtu aliyelala vibaya. Mama alilifanya neno sawa. Faili lilikuwa jepesi, simu haikukwama.

Binamu aliutazama akakunja pua. "Unafanya kazi," alikiri. "Lakini hauna raha. Na hii haikupangii tovuti, inakupa michoro tu. Ukurasa utauandika mwenyewe."

Maneno hayo yakammaliza Milimita. Siku ya mshahara alichukua kadi yake ya benki, akampigia binamu kwamba anaingia kwenye ile ya wakubwa, kisha akapita karakana kumpa mdogo wake habari.

Karakana ilinuka gundi na vumbi la sponji. Springi alikuwa ameketi juu ya kochi lililochunwa hadi mifupa, akifunga springi kwa kamba, kila moja akiibonyeza kwanza kwa kiganja kuona inavyorudi. Milimita alimweleza. Springi aliweka kamba chini.

"Nani ataifanya mikono?" aliuliza.

"Mimi. Nakurekodi kwa simu, natazama, nachora."

"Ndivyo ulivyofanya 'kesho'?"

"Ndiyo."

"Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na furaha. Ile 'kesho' yako ina lafudhi. Kama mgeni aliyeshuka leo." Akauonyesha mkono jinsi dada yake alivyouchora, dole gumba limesimama kama askari, kisha akauonyesha unavyotakiwa, dole gumba limelala. "Na uso uko wapi?"

"Uso gani?"

"Alama bila uso ni nusu. Nyusi zikipanda nimeuliza. Zikishuka nimekasirika. Umewachorea watu mikono bila kichwa."

Milimita alihisi masikio yanawaka moto. Alikuwa ametumia wiki nzima kwenye kile kiganja. "Kwa hiyo nifanyeje? Nije nikuulize kila kidole?"

"Nifanye mimi," Springi alisema.

Milimita alijibu haraka kuliko alivyokusudia, na kwa mikono yake ilitoka kali zaidi. "Wewe hujawahi kushika kompyuta."

"Na wewe hujawahi kuwa kiziwi. Maneno ni yangu. Unanichagulia mdomo bila kuniuliza kama nitaweza kuufungua."

Aliokota kamba yake akaendelea kufunga springi, maana yake mazungumzo yamekwisha. Ni faida moja ya kusema kwa mikono: mtu akishika kazi, hakuna wa kumlazimisha ajibu. Milimita alisimama pale, kadi bado mkononi, akiwa na hasira za mtu aliyeambiwa kweli na mdogo wake. Alitoka, akafika hadi kona ya barabara, akasimama mbele ya duka la vipuri akitazama feni asizozihitaji. Halafu akageuka. Alirudi, akamgusa bega, akasema, "Haya. Njoo uzishike programu zote. Utakayoiweza ndiyo hiyo hiyo."

Wakaenda nyumbani mchana ule ule. Mama aliwapisha meza. Milimita akafungua kwanza ile ya wakubwa, ambayo siku zake za majaribio zilikuwa ukingoni. Springi alikishika kipanya kama anashika yai. Kila alichogusa kilifungua orodha ya maneno, na maneno yenyewe ya lugha ya kigeni, na kila orodha ilizaa nyingine. Alijikuta mahali asipojua kutoka. Milimita akatafuta ukurasa wa msaada. Msaada ulikuwepo, saa zote, wa uhakika: piga namba hii, zungumza na mhudumu.

Springi aliitazama namba, akamtazama dada yake, akauweka mkono sikioni kama simu na kuitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, mithili ya mtu anayepewa maelekezo muhimu. Mama alivunjika mbavu. Milimita aliifunga programu ile bila kuambiwa.

Ile ndogo ya kijivu haikuwa na maneno mengi. Ilikuwa na picha ya mfupa, picha ya kiungo, na mstari chini wa kupangia mwendo. Milimita alimwonyesha mara moja jinsi ya kuvuta. Springi akauvuta mfupa wa kiganja, nyama ikafuata, akauachia. Akauvuta tena. Akabonyeza hapa, akalegeza pale, mdomo umefumba kama anapopima springi. Baada ya muda alikuwa amelilaza dole gumba mahali pake. Kisha akachora duara, akalitia mistari miwili ya nyusi, akaitia mifupa nayo, akazipandisha. Mkono ukaenda mbele na uso ukauliza: kesho?

Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kitambaa cha vyombo, aliinua nyusi zake bila kujijua.

"Ndiyo hii," Milimita alisema.

Isidhaniwe kwamba kazi iliteleza kuanzia hapo. Springi alikuwa na haraka. Alichora kama anavyoongea na wenzake wa klabu ya viziwi, mikono ikiruka, na mama aliambulia patupu. "Huyu anafukuza nzi?" aliuliza. Milimita ndiye aliyemfundisha kupunguza mwendo, kuacha pumzi kabla ya neno na baada yake, kama anavyoacha nafasi nyeupe pembeni mwa ukurasa. Springi alilalamika kwamba hakuna kiziwi anayesema kizembe namna hiyo. Milimita akamjibu kwamba tovuti si ya viziwi, ni ya mama. Waligombania upana wa nyusi jioni nzima, akashinda Springi. Waligombania rangi ya mandhari, akashinda Milimita, kwa sababu alitishia kuondoka na kompyuta.

Pesa ya programu walichangia nusu kwa nusu, na ilikwisha hapo hapo, hakuna mwezi wa kuogopa. Kuhusu ukurasa wenyewe, binamu alikuwa sahihi, programu ile haikuupanga. Milimita alihangaika nao mpaka akakubali kumpigia, shingo upande. Binamu alikuja, akatazama mikono ikicheza, akatazama uso unaouliza, na kwa mara ya kwanza akakaa kimya hadi mwisho.

"Mimi ningewachoreeni mikono mizuri zaidi," alisema, "lakini isingesema kitu." Akavua saa yake ya mkononi, akakunja mikono ya shati lake la pasi, akawaandikia ukurasa mwepesi unaofunguka hata pale mtandao unapochechemea. Hakudai malipo. Alidai tu afundishwe kusema "mteja msumbufu".

Tovuti ilipoanza ilikuwa na maneno machache, ya kuanzia mtu na jirani yake. Haikuleta miujiza. Meneja wa nyumba ya wageni hakurudi, wala hakuna aliyemtarajia. Wateja wawili watatu walijifunza kusalimia na kuuliza bei, na mmoja alijifunza kuomba apunguziwe, jambo ambalo Springi alisema limemfanya ajute kuwafundisha watu.

Lakini mama aliishikilia ile simu kama mwanafunzi wa mtihani. Alijifunza akipika, alijifunza akisubiri maji yajae ndoo. Jumapili moja Springi alikuja kula. Baada ya kula, vyombo vikiwa bado mezani, alimgeukia mama na kumuuliza kwa alama za tovuti, polepole, nyusi juu, "Baba alikuwa mtu wa namna gani?"

Milimita alishtuka. Baba yao alifariki Springi akiwa bado anabebwa. Yeye Milimita alikuwa amesimuliwa habari zake mara nyingi, jikoni, njiani, kitandani akiwa na homa. Hakuwahi kufikiri kwamba mdogo wake hakuwahi kusimuliwa hata moja. Kwa alama za kula na mvua ungemsimuliaje mtu baba yake?

Mama alikaa sawa. Alianza. Mrefu. Mzuri. Alipenda kazi. Mikono yake ya ukunga, iliyopokea watoto wa mtaa mzima, ilikwenda neno kwa neno. Akasema neno "watoto" na neno "kubeba" na akamnyooshea kidole Springi, wewe, kila siku. Halafu akafika mahali akakwama. Aliishika simu, akapekua ukurasa juu hadi chini, akapekua tena, akaiweka kwa kishindo.

"Neno langu halimo," alimwambia Milimita kwa sauti.

"Neno gani, mama?"

"Mbishi. Nitamwelezaje baba yake bila neno mbishi? Yule mtu alibishana na mimi hadi leba. Alibishana na daktari. Alibishana na redio."

Milimita alimtafsiria mdogo wake. Springi alisikiliza kwa macho, kisha akasema taratibu kwamba alama ipo, akaionyesha: vidole viwili vya shahada vikigongana ncha kwa ncha, na uso umekunjwa. Mama akaijaribu. Akakosea, vidole vikapishana. Springi akamshika mikono yote miwili, akavikutanisha vidole vyake.

"Vizuri," Milimita alisema, akavuta kiti. "Leteni na mengine. Mcheshi. Mkaidi. Nini tena?"

"Mchoyo wa sukari," mama alisema.

Springi alikuwa ameshasogeza vyombo pembeni na kuiwasha kompyuta. Alichora duara la uso, akatia mifupa ya nyusi, akazikunja mpaka mama akatikisa kichwa kwamba hapana, zaidi ya hapo, yule alikuwa akikunja zaidi. Akazikunja zaidi. Mama alisogea akainama karibu na kioo, mkono mmoja begani mwa mwanawe, akatazama uso ule wa mistari michache ukibisha, ukibisha, ukibisha, na akasema kwa mikono, bila kutazama simu, "Ndiye."